Mbegu za msimu Kalemie: bei ya sokoni na bei ya shambani

Kabla ya kuuliza bei ya mbegu mwezi wa tisa, mkulima wa Kalemie ajiulize kwanza shamba lake liko wapi: juu mlimani, au chini kuelekea Lukuga? Maji ya Ziwa Tanganyika hayana njia nyingine ya kutokea ila mto huo. Ziwa lilipopanda mwaka 2021, na tena 2024, sehemu za chini zilizama. Mlimani shida ni nyingine: mvua ikikatika majuma mawili, udongo umekauka.

Tuchukue kishamba cha mita 20 kwa 50. Mahindi yatataka kilo mbili na nusu hivi za mbegu. Mihogo, ukipanda mita moja kwa mita moja, inataka vipande 1,000 vya miti. Viazi vitamu vinataka mabua zaidi ya 3,000. Miti na mabua aghalabu hutoka kwa jirani, bure au kwa faranga chache, kwa hiyo unachotoa ni jasho la kubeba na kupanda.

Kwa ukame, mihogo haina mpinzani. Jua likizidi hufunga vitundu vya majani, hudondosha baadhi ya majani, kisha hungoja mvua. Mizizi nayo hukaa ardhini mwaka na zaidi bila ghala. Lakini ina deni lake. Ukame huongeza sumu ya sianidi, hasa katika mihogo michungu, na mwenye njaa hushawishika kupunguza siku za kuloweka. Hapo ndipo konzo huingia, ugonjwa wa kupooza miguu ambao daktari Trolli aliueleza mwaka 1938 hapa hapa Kongo. Basi weka katika hesabu siku tatu au zaidi za kuloweka, maji, na mikono ya mama anayefanya kazi hiyo. Halafu kuna batobato: miti ya bure huja na ugonjwa wa bure. Ichague ingali shambani, majani yakiwa juu, maana rundo lililokwisha kunyolewa halionyeshi kitu. Bondeni usiipande kabisa. Maji yakisimama siku chache mizizi huoza.

Mahindi yana mambo mawili. Mbegu ya chotara huzaa sana mwaka wa kwanza, ila ukirudishia punje zake hupungua nguvu, kwa hiyo unanunua kila msimu, na bila mbolea hutaona sana tofauti. Mbegu bora isiyo chotara unaweza kuirudishia misimu miwili au mitatu. Mahindi huumia zaidi ukame ukiyakuta yanatoa maua: ndevu huchelewa, chavua inakwisha, gunzi linabaki na mapengo. Aina zinazovumilia ukame zilichaguliwa hasa kwa sababu ndevu zake hazichelewi. Machipukizi yakifunikwa na maji siku mbili hadi nne, yamekwenda.

Bondeni ni pa mpunga. Ndani ya shina na mizizi yake mna njia za hewa, ndiyo maana husimama majini huku mahindi yakikosa pumzi. Lakini ukizama wote, mpaka ncha za majani, kwa wiki moja au mbili, aina nyingi hufa. Zipo zenye jeni iitwayo Sub1, iliyotokana na mpunga wa zamani wa India, ambazo hujizuia kurefuka na kutunza sukari hadi maji yapungue. Muuzaji akikuambia yake ni “ya mafuriko”, adai bei kwa jina la aina na cheti; akikosa, lipa bei ya mpunga wa kawaida.

Kwa mwenye pesa kidogo, mimi ningezimalizia kwenye mpunga wa bondeni. Mlimani ningeweka mihogo iliyochaguliwa vizuri, na pembeni viazi vitamu, ambavyo huiva kwa miezi mitatu hadi mitano. Chotara ningewaachia wenye mbolea. Bukari ya mihogo itachelewa, lakini matembele na sombe vitakuwa chunguni mapema zaidi. Ila usichume sombe kupita kiasi, kwa maana mizizi hulishwa na majani hayo hayo.