Nyumba njema na geti lake

Jumamosi alasiri, jua likianza kuielekea milima ya Kongo, fukwe za Kajaga hujaa maharusi. Magari yaliyofungwa maua hukata kona kutoka barabara ya Gatumba, na bibi harusi huteremshwa polepole, shela ikiwa mikononi mwa wapambe ili isiguse mchanga. Kwa saa moja mpiga picha ndiye mwenye amri. "Kidevu juu. Bwana harusi, mtazame mkeo, usinitazame mimi." Kabla ya kubonyeza, anasogea hatua mbili kushoto. Anakwepa magunia ya mchanga yaliyopangwa kando ya ukuta kuzuia maji ya ziwa. Pichani litaingia Ziwa Tanganyika, yataingia machweo, utaingia mchikichi mmoja. Magunia hayataingia.

Hatua mbili hizo kila mtu huzipiga, hata asiye na kamera. Ni kile ambacho vijana wa Dar es Salaam hukiita kuuza sura: kuchagua kipi kionekane na kipi kibaki nyuma.

Kajaga, kaskazini-magharibi mwa Bujumbura, ni mahali pazuri pa kuitazama kazi hiyo. Miaka ya karibuni eneo hili limejengwa kwa kasi: nyumba za ghorofa, kuta ndefu, mageti mazito ya chuma. Mpita njia haoni nyumba, anaona geti. Dalali, ambaye Bujumbura humwita komisiyoneri, anajua hilo kuliko yeyote. Picha anazomtumia mteja kwenye simu huanza na geti, zikafuata za baraza na za ziwa linavyoonekana kutoka juu. Jiko huja mwisho, likija.

Wazee wa Kiswahili wangemcheka. "Nyumba njema si mlango," walisema, "fungua uingie ndani." Na wakaongeza: "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Lakini tuwatazame hao walioonya kuhusu milango. Katika Zanzibar ya karne ya 19, tajiri alitaka mlango wa mbao nzito uliochongwa maua na minyororo, ukapigiliwa vichwa vya shaba, ili mgeni ajue anaingia kwa nani kabla hajapiga hodi. Pasipo na milango ya kuringia, nani angehitaji methali ya kumwonya mtu asihadaike na mlango?

Mwaka 1956 mwanasosholojia mzaliwa wa Kanada, Erving Goffman, alitoa kitabu kuhusu namna watu wanavyojionyesha katika maisha ya kila siku. Baadhi ya mifano yake aliipata katika visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Scotland, ambako aliingia hadi jikoni mwa hoteli ndogo. Aliona vipande vya siagi vilivyokwisha kuguswa na wageni vikifinyangwa upya na kurudishwa mezani, safi kama havijawahi kuguswa. Kwake, maisha yana jukwaa la mbele na chumba cha nyuma, na watu hubadilika wanapovuka mlango uliopo katikati. Mswahili hahitaji kwenda Shetland kulielewa hilo. Nyumba ya mwambao ina baraza, ina sebule, na ina uani. Anayekaribishwa barazani hajaambiwa bado kuna nini uani.

Warundi nao hawakungoja simu ili wajifunze kujisifu. Walikuwa na fani nzima ya kazi hiyo, *amazina y'ubuhizi*, ambamo shujaa husimama mbele ya watu na kujitaja kwa majina ya sifa, maneno yakifuatana kwa kasi kama matone ya mvua juu ya bati. Wahima wa Ankole, Uganda, wana fani iliyo karibu nayo, *ebyevugo*. Hapo kujisifu si utovu wa adabu, ni sanaa. Lakini inafanyika hadharani, mbele ya watu wanaomjua msemaji, wanaojua baba yake ni nani na ng'ombe wake ni wangapi.

Burundi kulikuwa pia na heshima ambayo mtu hakuweza kujivisha mwenyewe. Umushingantahe, mwamuzi na mpatanishi wa kilimani, hakujitangaza. Majirani walimchunguza kwa muda mrefu: anaongeaje akishalewa, anatunzaje siri, anaamuaje ugomvi unapomhusu ndugu yake. Walioridhika walimsimamia, na siku ya kuapishwa alitoa pombe ya ndizi na ya mtama kwa hadhara. Tangu siku hiyo sifa yake ilikuwa mali ya kilima kizima, na kilima kingeweza kumnyang'anya.

Kutajwa na wengine kunaweza pia kununuliwa. Ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Kongo, muziki umezalisha biashara inayoitwa *libanga*, yaani "jiwe" kwa Kilingala: mwenye fedha humlipa mwanamuziki amrushie jina lake katikati ya wimbo. Wimbo ukipendwa, jina husafiri nao hadi kwenye baa na vipindi vya redio ambako mwenye jina hajawahi kufika. Katika nchi hiyohiyo ndiko walikostawi masapeur, watu wa suti za gharama na viatu vinavyong'aa, ambao mwanamuziki Papa Wemba, aliyeanguka jukwaani Abidjan na kufariki Aprili 2016, alikuwa kinara wao. Wengi wao hawakuwa matajiri. Suti ilitangulia, riziki ikafuata kama iliweza.

Na picha? Miaka ya 1990, pembeni mwa kivuko cha Likoni, Mombasa, wapiga picha waliweka vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majengo marefu. Mfanyakazi aliyetoka bara alisimama mbele ya ndege ambayo hangeipanda, akapigwa picha, akaituma kijijini kwao. Hakuna aliyedhani amesafiri kweli, ila wote walielewa anataka kusema nini. Leo Kajaga yenyewe ndiyo pazia. Tofauti ni kwamba ziwa halikuchorwa, hivyo mtazamaji aliye Nairobi au Brussels hana cha kumshtua.

Ingekuwa rahisi kuyaita yote haya majivuno, lakini sura nzuri ina kazi ya kufanya. Harusi ya Bujumbura, kama ya Dar es Salaam, husimama kwa michango. Kamati hukutana, majina huandikwa, na anayeonekana anajiweza hukaribishwa kwanza, kwa sababu kesho naye atachangia. Mwenye duka anayekopesha hana faili la benki la kumchungulia mteja, kwa hiyo humpima kwa viatu, kwa gari na kwa mtaa anakoishi. Palipo na karatasi chache, mwonekano hushika nafasi ya karatasi. Ndiyo maana katika miaka hii ya uhaba wa mafuta nchini Burundi, gari lisilo na tone la petroli halikosi kuoshwa. Haliendi popote, ila bado linaonekana.

Kisha ziwa likaja. Ziwa Tanganyika hupokea mito mingi lakini lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, upande wa Kongo. Mvua zikizidi, halina pa kwenda haraka. Mwaka 2020 na 2021 lilipanda, na mwaka 2024 likapanda tena hadi kuingia mitaa ya Kajaga na fukwe zake. Sheria ya maji ya mwaka 2012 inataka ukanda wa mita 150 kutoka ziwani ubaki bila kujengwa. Nyumba nyingi zilikuwa zimesogea kwenye maji kwa sababu ileile inayozipandishia kodi: ziwa lionekane vizuri. Maji yalipita chini ya mageti yaliyojengwa kuzuia macho ya watu, na sebule zikaonekana hadharani, makochi yamepandishwa juu ya meza. Watu wakapiga picha hizo pia, zikasambaa kuliko za harusi.

Maji yaliposhuka, mafundi rangi walirudi, wakaanza na upande unaotazama barabara. Makomisiyoneri nao walirudi na picha zao, nyingi za Julai, wakati wa kiangazi, ziwa likiwa limetulia mbali na ukuta.

Mpangaji aliyekwisha kuumwa na nyoka hazikatai picha hizo. Anakuja kuiona nyumba, anasifu geti, anashukuru, anamsindikiza komisiyoneri hadi kwenye pikipiki yake. Halafu anarudi peke yake kwa mlinzi wa nyumba ya jirani, anamsalimia, anamuuliza ana miaka mingapi pale, na maji ya mwaka 2024 yalifika wapi. Mlinzi anatazama kushoto na kulia, kisha anashusha mkono na kugusa paja.