Sauti Iliyosimama Mahali pa Uso

Ukitaka kuwagombanisha watu wa Mombasa bila ya kuwatilia siasa wala mpira, waulize ni filamu gani yenye muziki mzuri kuliko zote. Nasema muziki, sisemi nyimbo. Nyimbo ni mlango mwingine, na kila mtu ana yake aipendayo. Nakusudia ule muziki wa okestra upitao chini ya picha, usio na maneno, ambao mtu huweza kutoka senema asijue kwamba ameusikia, na kumbe ndio uliomtoa machozi.

Katika baraza niketiyo mimi huko Mji wa Kale, baada ya sala ya Isha, ubishi huu una umri wa miaka mingi. Majumba mengi ya senema tuliyoyajua yamefungwa, na filamu zenyewe siku hizi hutazamwa katika simu, lakini ubishi haukufungwa. Wala usidhani, ndugu msomaji, kuwa ni maneno ya watu wasio na kazi. Sisi watu wa pwani tuna haki yetu katika jambo hili. Wazee wetu walitazama filamu za Kihindi, za Kimisri, za Kiingereza na za Kitaliana, na wengi wao hawakujua sawasawa hata lugha moja kati ya hizo. Sikio ndilo lililowaambia kuwa huyu anayeingia ni adui, na yule anayeondoka hatarudi tena.

Tena okestra si kitu kigeni kwetu. Filamu za Misri, kama ile ya Mohamed Abdel Wahab iitwayo Al-Warda al-Baida ya mwaka 1933 na Widad ya Umm Kulthum ya mwaka 1936, ziliwafundisha watu wa upande huu wa bahari utamu wa fidla nyingi zinapopigwa kwa pamoja. Taarabu ya Unguja yenye fidla, udi na kanuni ilifuata njia hiyo hiyo ya Misri. Nayo mahadhi ya Kihindi yaliingia Mombasa kwa mlango wa senema, hata marehemu Juma Bhalo akapata sifa kubwa kwa kuyatia katika nyimbo zake. Basi mtu wa hapa akikuambia kuwa okestra fulani imepiga vibaya, msikilize, huenda anajua asemalo.

Shangazi yangu, ambaye baraza letu humfikia kwa dirisha tu, ni mtu wa Naushad, wala hataki kusikia jina jingine. Hoja zake si za mapenzi matupu. Hutaja Aan ya mwaka 1952, ambayo Naushad alikusanya wapigaji mia moja, jambo ambalo halikuwa la kawaida Bombay wakati ule. Kisha hutaja Mughal-e-Azam ya mwaka 1960, iliyokuwa na waitikiaji mia moja nyuma ya sauti ya Mohammed Rafi. Lakini sifa anayompa kubwa zaidi ni kwamba katika wingi wote ule wa fidla na tarumbeta, sitari haikuzama. "Wangapi wameajiri jeshi la wapigaji," husema, "wakaishia kutupigia makelele?" Hapo mimi humuunga mkono. Wingi wa vyombo ni kama wingi wa viungo katika pilau, ukikosa mkono wa kupima umeharibu nyama na mchele pamoja.

Yupo na kijana mmoja, fundi wa simu, ambaye kwake muziki wa filamu ulianza na Ennio Morricone, Mtaliana aliyefariki mwaka 2020. Huyu hupiga mbinja ile ya filamu za mabunduki mpaka majirani wakafunga madirisha. Mimi nilimwambia aache mabunduki atazame Vita vya Algiers ya mwaka 1966, ambayo Morricone aliutunga muziki wake pamoja na mwongozaji mwenyewe, Gillo Pontecorvo. Mle utasikia ngoma na tarumbeta, lakini chombo kinachoishinda okestra nzima ni vigelegele vya wanawake wa Algiers usiku, vinavyotoka majumbani askari wa Kifaransa wasijue ni nyumba gani. Vigelegele hapa kwetu ni vya harusi na aqiqa. Huko vimekuwa tishio. Kijana aliitazama, na wiki nzima hakupiga mbinja.

Lakini ugomvi mkubwa, ule wa kweli, ni juu ya Mfaransa mmoja, Maurice Jarre. Alizaliwa Lyon mwaka 1924 akafariki mwaka 2009, na alipokuwa kijana mjini Paris alisomea upigaji wa ngoma. Jambo hilo liweke akilini. Watunzi wengi wa okestra hutoka upande wa kinanda au fidla, na ngoma kwao huwa ni kitu cha kutilia chumvi mwishoni. Huyu alitoka upande wa ngoma.

Baharia mmoja mstaafu katika baraza letu, aliyezunguka dunia kwa meli za watu, anashikilia kuwa hapajatungwa wala hapatatungwa muziki wa kushinda ule wa Lawrence of Arabia wa mwaka 1962. Filamu ile huanza bila ya picha. Kwa muda wa zaidi ya dakika nne watazamaji hukaa gizani, na ngoma kubwa za shaba zinaanza kupigwa, kisha fidla zinapanda kama jua. Mwenye filamu, Sam Spiegel, alikuwa na shauri la kugawa kazi: Mwarmenia Khachaturian atunge sehemu ya Waarabu, Mwingereza Britten atunge sehemu ya Waingereza, na Jarre apewe yatakayobaki. Mashauri yakavunjika moja baada ya moja, na mwisho kazi yote ikamwangukia Jarre, ambaye hakuwa na jina kubwa nje ya Ufaransa, naye akaimaliza katika wiki chache tu. Ikampatia tuzo ya Oscar, ya kwanza katika tatu alizozipata.

Sibishani na baharia juu ya uzuri wa sauti ile. Nabishana naye juu ya maana yake. Sikiliza vizuri, utaona kwamba muziki ule unalisifu jangwa kama mahali patupu. Ni mchanga, ni jua, ni Mzungu mmoja juu ya ngamia akijitazama. Waarabu wamo, wanapanda farasi na kupiga bunduki, lakini fidla haziwalilii wao. Zinamlilia mgeni aliyekuja kuona ajabu. Baharia hunijibu kuwa jangwa ni tupu kweli, na kwamba mimi sijapata kulilala.

Sasa ndipo tufike kwenye filamu ambayo katika mtaa wetu haihitaji kuelezwa, Ar-Risala. Mwongozaji wake, Moustapha Akkad, alizaliwa Aleppo, Syria, akaenda Marekani kusomea kazi ya filamu. Aliipiga mara mbili: kila tukio kwanza kwa waigizaji wa Kiingereza, kisha kwa waigizaji wa Kiarabu. Katika ya Kiingereza, Hamza ni Anthony Quinn na Hind ni Irene Papas. Katika ya Kiarabu ni Abdullah Gaith na Muna Wassef. Walianza kazi Moroko, walikojenga mfano wa Makka, kisha wakalazimika kuhama na kuimalizia Libya. Ile ya Kiarabu ilitoka mwaka 1976, ya Kiingereza ikafunguliwa Marekani mwaka uliofuata.

Mtihani aliopewa Jarre katika filamu hii haukuwahi kumfika mtunzi yeyote nimjuaye. Mtume, rehma na amani zimshukie, haonekani katika filamu, wala sauti yake haisikiki. Makhalifa wa kwanza nao hawaonyeshwi. Watu huzungumza wakiitazama kamera, wakangoja jibu, na jibu hurudiwa na mwingine, Hamza au Zaid. Unaona fimbo, unaona ngamia, basi. Kwa hiyo nani atamwambia mtazamaji kwamba sasa chumba hiki si chumba cha watu watatu? Muziki ndio uliotwikwa kazi hiyo. Panapokusudiwa kuwa yupo, au yu karibu, husikika sauti nyepesi ya kinanda cha ogani, haina vishindo, haina ngoma. Katika filamu nyingine zote muziki humsaidia mwigizaji. Hapa umesimama mahali ambapo mwigizaji amekatazwa kusimama.

Tazama pale ngamia anapoingia Madina na watu wamejipanga njiani, kila mmoja akitaka mgeni ashukie kwake, na ngamia akaachwa achague mwenyewe. Jicho letu halina uso wa kuushika. Tunawaona wenyeji tu, na tunasikia. Nimeketi na watu waliolia pale, wanaume wazima, na ukiwauliza wamelilia nini hawana cha kukuonyesha kwa kidole. Na jangwa ni lile lile la Lawrence, mtunzi ni yule yule, lakini safari hii limejaa watu. Fidla zinatembea na waliofukuzwa, ngoma zinajenga pamoja na wanaojenga. Ndiyo maana namwambia baharia kwamba Jarre mwenyewe alimjibu kabla yangu.

Wapo wasiokubali, na sharti niwape nafasi yao. Maalim mmoja wa chuo jirani, mtu mpole ambaye hupita akatoa salamu na mara nyingine akakaa, ana maneno mawili. La kwanza ni la zamani: wanavyuoni wamehitilafiana juu ya ala za muziki, na wako wengi wasiohalalisha ila dufu, basi vipi jambo tukufu kama hili lizungukwe na fidla? La pili ndilo lililonikaa moyoni. Ogani, anasema, ni chombo cha kanisani. Kati ya vyombo vyote vya dunia, huyu Mfaransa hakuona kingine cha kumtangazia Mtume ila hicho? Bora angeacha kimya.

Baharia akamjibu kwamba kimya katika filamu hudhaniwa kuwa mashine imeharibika. Watu walicheka, maalim naye akacheka, lakini swali halikuondoka. Kwa maoni yangu mimi, kimya kisingetosha, kwa sababu mtazamaji angeiona kamera kuwa ni kamera tu. Ilibidi pawe na kitu. Lakini katika ogani nampa maalim haki yake. Jarre alikuwa na nai mkononi, chombo cha pumzi na cha majonzi kinachojulikana tangu Misri mpaka Iraq, na angekitumia hapo pasingekuwa na sikio la Kiislamu la kushtuka. Alikimbilia kile ambacho Mzungu huhisi utukufu akikisikia. Huo ni upungufu, ingawa sauti yenyewe ameitia kwa adabu.

Na adabu hiyo haikuwasaidia wale waliohukumu kabla ya kutazama. Machi 1977, filamu ilipokuwa ikifunguliwa Marekani, watu wenye silaha waliteka majumba matatu mjini Washington na kuwashika watu zaidi ya mia moja. Mojawapo ya madai yao lilikuwa kwamba filamu hii isimamishwe. Uvumi ulikuwa umeenea kuwa Anthony Quinn anamwigiza Mtume mwenyewe. Mwandishi wa habari kijana aliuawa katika mkasa ule. Ukiyakumbuka hayo, utafahamu kwa nini maalim na baharia kukaa barazani na kubishana juu ya ogani, kisha wakaagana kwa mikono, mimi silioni kuwa jambo dogo.

Muziki wa Ar-Risala uliteuliwa kwa tuzo ya Oscar iliyotolewa mwaka 1978, ukashindwa. Ulioshinda ni wa John Williams wa Star Wars, uliopigwa na London Symphony Orchestra. Fundi wetu wa simu huona haki ilitendeka, na hapigi mbinja safari hii, hutoa hoja: Williams alirudisha okestra kubwa wakati watu walikuwa wameanza kuikinai, na kila mtu katika filamu yake ana sauti yake ya kumjulisha, hata ukifumba macho wajua nani kaingia. Kweli. Lakini nilimuuliza, wale wote si wana nyuso? Akafikiri kidogo, akasema huyu mmoja avaaye kofia nyeusi ya chuma hana. Nikashindwa la kusema, na baraza zima likampigia makofi.

Akkad na Jarre walikutana tena katika filamu ya Omar Mukhtar, Simba wa Jangwani, iliyotoka mwaka 1981. Serikali ya Italia iliizuia mwaka 1982 kwa kudai inavunja heshima ya jeshi lake, na Wataliana hawakuionyeshwa katika televisheni yao hata mwaka 2009. Mzee yule, mwalimu wa Qurani, alinyongwa na Wataliana Septemba 1931, na katika filamu miwani yake inaanguka, mtoto mdogo anaiokota. Nilipomhadithia maalim tukio hilo aliuliza kama na hapo pana ogani. Nikamwambia aje aone mwenyewe.

Amekubali kuja. Tumepanga kuzitazama zote mbili, na Ar-Risala tutaanza na ile ya Kiarabu, baada ya Idi, uani kwa baharia, ambaye ana shuka kubwa nyeupe ya kutundika ukutani. Shangazi yangu ametuma salamu kwa dirisha kwamba na yeye atakuja pamoja na wenzake, nao wataketi upande wao, ila kwa sharti kwamba usiku wa tatu ni wa Mughal-e-Azam, tena yote, bila ya mtu kurukisha hata dakika moja.