Istilahi za Roketi ya Kuunganisha: Funzo la Seti ya Rock-A-Chute

Utangulizi

Mfasiri wa maagizo ya kitaalamu huelekea kudhani kwamba kosa lake kubwa kabisa litamwudhi msomaji tu. Katika maandishi mengi ndivyo ilivyo. Lakini yapo maandishi ambamo neno moja lililowekwa pasipo pake laweza kumpofua mtoto. Miongoni mwa hayo ni karatasi za maagizo ya roketi ndogo za kuunganishwa kwa mikono, ambazo baadhi ya walimu wa sayansi huzitumia kuonyesha kanuni za mwendo.

Mwandishi wa makala haya alipokuwa akipitia rasimu ya tafsiri ya karatasi moja ya namna hiyo, aliipitisha bila wasiwasi sentensi hii: "Tengeneza mota kabla ya kwenda uwanjani." Maana iliyokusudiwa ilikuwa kwamba mota iliyonunuliwa iwekwe tayari, yaani ifungwe kiwashio na kupachikwa mahali pake. Mwalimu mmoja aliyepewa rasimu aisome aliuliza swali fupi: "Itengenezwe kwa baruti kiasi gani?" Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Mswahili hutengeneza kiti kwa kukiunda, hutengeneza saa kwa kuiondolea hitilafu, na hutengeneza kitanda kwa kukitandika. Kitenzi hiki ni kipana, na upana wake ni baraka katika mazungumzo ya kila siku. Katika karatasi hii ungeweza kuwa msiba.

Ili kuona ni kwa nini, hatuna budi kuanza na historia ya kitu chenyewe. Istilahi nzuri hufuata umbo la kitu, na umbo la roketi hii lilitokana na hatari iliyokusudiwa kuepukwa.

Asili ya Rock-A-Chute

Roketi hii haikuzaliwa katika maabara ya serikali. Ilizaliwa katika mji wa Norfolk, jimbo la Nebraska, Marekani, kwa Orville Carlisle, mwenye duka la viatu aliyependa sana ufundi wa fataki. Ndugu yake, Robert, alikuwa mpenzi wa ndege ndogo za kuigiza, naye alihitaji chombo cha kuwaonyesha wasikilizaji wake jinsi roketi inavyosukumwa. Mwaka 1954 Orville aliunda chombo hicho: mwili wa karatasi, mapezi ya mti mwepesi wa balsa, mota ndogo ya baruti iliyoweza kutolewa na kuwekwa nyingine, na mwavuli wa kukirejesha chini kikiwa kizima. Akakiita Rock-A-Chute, jina lililounganisha kwa Kiingereza neno la roketi na neno la mwavuli wa kushukia. Hati ya kulinda uvumbuzi wake ilitolewa mwaka 1958.

Jina hilo linastahili kuangaliwa kwa makini. Nusu yake yasema kwamba chombo kitapaa, na nusu ya pili yasema kwamba kitarudi taratibu. Fataki ya sikukuu hupaa na kuteketea. Rock-A-Chute ilipaa, ikashuka, ikabadilishwa mota, ikapaa tena. Tofauti hiyo iliifanya iwe chombo cha kufundishia.

Wakati huohuo G. Harry Stine, aliyefanya kazi katika uwanja wa majaribio ya roketi wa White Sands, jimbo la New Mexico, alikuwa akihofia hali ya vijana waliojiundia roketi majumbani. Mwaka 1957 aliandika makala juu ya hatari hiyo katika jarida la Mechanix Illustrated. Carlisle aliyasoma, akampelekea Stine roketi zake pamoja na mota. Stine alizijaribu, akaona kwamba jibu la tatizo lake limekuja kwa posta.

Hofu ya Stine ilizidi kupata uzito baada ya tarehe 4 Oktoba 1957, siku ambayo Muungano wa Sovieti ulirusha Sputnik 1. Vijana wa Marekani walishikwa na hamu ya anga. Wengi wao hawakuwa na mwalimu wala kifaa. Walichukua mabomba ya chuma, wakayashindilia michanganyiko ya kuwaka waliyoikoroga wenyewe, wakaziba ncha moja na kuwasha nyingine. Bomba la chuma likipasuka katika hali hiyo huwa bomu. Wako waliopoteza vidole na macho, na wako waliopoteza maisha.

Kutoka Chombo hadi Seti

Stine alianzisha mjini Denver, jimbo la Colorado, kampuni ya Model Missiles. Kampuni hiyo iliuza Rock-A-Chute Mark II ikiwa vipande vya kuunganishwa na mnunuzi. Iliuza pia seti ya Aerobee-Hi, iliyoiga umbo la roketi ya kweli iliyotumiwa kuchunguza tabaka za juu za angahewa.

Katika seti hizo kazi iligawanywa mara mbili. Mnunuzi alipewa kazi ya kukata, kugundisha, kusugua kwa msasa na kupaka rangi. Kazi ya kushindilia baruti hakupewa kamwe. Mota ilitoka kiwandani ikiwa imekamilika, nayo ilitumika mara moja tu na kutupwa. Mpaka huu baina ya kazi mbili ndio kiini cha uvumbuzi wote. Kijana aliachiwa furaha yote ya kuunda, akaondolewa hatari ile iliyokuwa ikiwaua wenzake.

Kampuni ya Stine ilipata shida ya kupatiwa mota za kutosha zenye nguvu isiyobadilika. Ikamwendea Vernon Estes, ambaye wazazi wake walikuwa na biashara ya fataki hapo Denver. Estes aliunda mashine ya kutengeneza mota, akaiita Mabel. Ilianza kazi tarehe 15 Januari 1959, ikatoa mota moja kila baada ya sekunde 5 na nusu. Model Missiles haikudumu, lakini Mabel iliendelea. Estes akaanza kuuza bidhaa zake mwenyewe, na mwaka 1961 akahamia Penrose katika jimbo hilohilo la Colorado. Seti ya kwanza ya kampuni yake iliitwa Astron Scout. Hiyo haikuwa na mwavuli: mota ilipokwisha kuwaka ilisukumwa nyuma, uwiano wa uzito ukabadilika, na roketi ikashuka ikipinduka-pinduka polepole kwa sababu ya wepesi wake.

Hapa mfasiri wa Afrika Mashariki aonywe juu ya jina. Scout lilikuwa pia jina la roketi kubwa ya Marekani, ambayo tarehe 12 Desemba 1970 ilirusha setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Astron Scout ni kitu kingine kabisa, wala si nakala yake. Akutanapo na jina hilo peke yake, mfasiri atazame kwanza linatajwa katika habari gani.

Uteuzi wa Istilahi

Tukishika mpaka ule baina ya kazi mbili, maneno mengi hujichagua yenyewe. Yafuatayo ndiyo yaliyohitaji kufikiriwa zaidi.

Roketi na kombora. Jina la kampuni ya Stine lilitumia neno la Kiingereza ambalo leo lingetufanya tuseme "kombora". Chama cha wapenzi wa mchezo huu kilichoanzishwa mwaka 1957 nacho kilianza na neno hilo, kisha kikajiita National Association of Rocketry. Katika Kiswahili kombora ni silaha, na humwendea adui. Kanuni za usalama za mchezo huu zinakataza kurusha roketi kuelekea shabaha yoyote. Kwa hiyo neno "kombora" lisitumike, ila katika kutaja jina la kihistoria.

Mfano. Istilahi "roketi ya mfano" imekwisha kuzoeleka, lakini haitoshi kwa kila hali. Aerobee-Hi ya Denver ilikuwa mfano wa kitu fulani. Rock-A-Chute haikuwa mfano wa chochote, bali roketi kamili iliyo ndogo. Tunapendekeza "roketi ya kuunganisha" kwa aina yote, na "roketi ya mfano" ibaki kwa zile zinazoiga roketi ya kweli kwa skeli maalumu.

Bomba na neli. Mwili wa roketi una umbo la bomba, na mfasiri huvutwa kuandika "bomba la mwili". Lakini neno bomba humletea msomaji wetu picha ya chuma, chuma kilekile kilichowaumiza vijana wa miaka ya 1950. Afadhali "neli ya karatasi". Neno neli limekwisha kuzoeleka katika masomo ya sayansi, na kutaja karatasi ni sehemu ya istilahi, si pambo.

Injini, fataki na mota. Injini kwa watu wetu ni mtambo wenye sehemu zinazozunguka, ambao fundi huufungua na kuukarabati. Mota ya roketi hii haina sehemu inayozunguka, na haifunguliwi hata kidogo. Fataki nayo imekusudiwa kulipuka, ilhali kilicho ndani ya mota hakina budi kuwaka kwa mpango. "Mota" si neno kamilifu, kwa kuwa fundi wa umeme analo tayari. Udhaifu huo unaondolewa kwa kusema "mota ya kiwandani". Kivumishi hiki kinamkumbusha msomaji, kila anapolisoma jina, kwamba si yeye anayeiunda.

Alama ya mota. Kila mota huandikwa alama kama A8-3. Herufi huonyesha daraja la nguvu kwa jumla, na kila daraja lina kikomo maradufu ya lile lililotangulia: A hufikia newtoni-sekunde 2.5, B hufikia 5, na C hufikia 10. Tarakimu ya kwanza ni wastani wa nguvu ya msukumo kwa newtoni. Ya mwisho ni sekunde zinazopita tangu msukumo kwisha hadi mwavuli kufyatuliwa. Mfasiri asiibadili alama hii wala kuifupisha. Mwalimu akitumia mota ambayo muda wake haufai, mwavuli waweza kufunguka roketi ingali kasini na kuraruka, au roketi ikafika chini mwavuli ungali umefungwa ndani.

Vitenzi. Neli, pua na mapezi "huunganishwa" na "kugundishwa". Mota "hupachikwa". Kiwashio "hufungwa". Roketi "hurushwa" kwa umeme, mrushaji akiwa amesimama mbali. Kitenzi "tengeneza" kiachwe kabisa katika maagizo haya. Ikibidi kusema juu ya maandalizi, tuseme "weka tayari".

Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Seti ya kuunganisha: vipande vya chombo kimoja vinavyouzwa pamoja ili mnunuzi aviunganishe mwenyewe.
Neli ya karatasi: mwili wa roketi.
Pua: kipande cha mbele kilichochongoka, ambacho huchomoka ili mwavuli utoke.
Pezi: ubao mwembamba wa nyuma unaoiweka roketi katika njia yake.
Mota ya kiwandani: kasha la karatasi lenye baruti, lililofungwa kiwandani na kutumika mara moja.
Unga wa kuchelewesha: sehemu ya mota inayowaka bila kusukuma, ili kupisha muda.
Baruti ya kufyatulia: sehemu ya mwisho ya mota, inayosukuma pua na mwavuli nje.
Kiwashio: waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme na kuwasha mota.
Fimbo ya kuongozea: fimbo iliyosimamishwa, inayoishika roketi hadi ipate kasi ya kutosha.
Mwavuli: kitambaa au karatasi ya plastiki inayopunguza kasi ya kushuka. Neno parachuti nalo ni sahihi, lakini mwavuli unafahamika na mtoto wa darasa la kwanza.

Hitimisho

Imezoeleka kusema kwamba kazi ya istilahi ni kutafuta neno moja la Kiswahili kwa kila neno la kigeni. Historia ya Rock-A-Chute yatuonyesha kwamba hiyo ni nusu ya kazi. Carlisle na Stine waliweka mpaka baina ya kinachoweza kuachwa mikononi mwa mtoto na kisichoweza. Waliuweka katika umbo la chombo, katika namna ya kukiuza na katika kanuni zake. Tafsiri isiyouona mpaka huo huufuta, hata kama kila neno lake lina mwenzake katika kamusi.

Rasimu iliyotajwa mwanzoni imekwisha kusahihishwa. Sentensi yake sasa ni hii: "Weka tayari mota ya kiwandani, usiifungue wala kuijaza." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na yule mwalimu alipoisoma hakuwa na swali. Wafasiri na walimu walio na maneno bora kuliko haya, hasa kwa "unga wa kuchelewesha" ambao haujaturidhisha, wanaombwa watuletee.