Chembe za Damu Zinazokumbuka

Katika damu yako mna chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu vya maradhi. Baadhi yake huitwa limfositi. Limfositi ni nyingi mno, na kila moja hutambua kijidudu cha namna moja tu. Ile ambayo haijakutana na kijidudu chake huitwa chembe changa.

Fikiria mtoto wa Geita ambaye hajapata kuugua surua wala hajachanjwa. Mgonjwa akikohoa karibu naye, virusi vya surua humwingia kwa njia ya hewa. Chembe changa zinazovitambua virusi hivyo ni chache. Lazima kwanza zikutane navyo, kisha zijigawe mara nyingi mpaka ziwe jeshi kubwa. Kazi hiyo huchukua siku nyingi. Wakati huo virusi huongezeka, na mtoto hupata homa, macho mekundu na vipele. Watoto wengine hupofuka au hufa.

Mtoto akipona, sehemu kubwa ya jeshi hilo hufa. Zinazobaki huitwa chembe kumbukumbu. Hizi ni nyingi kuliko zile changa za mwanzo, nazo huamka upesi. Mchimbaji mgeni hutafuta dhahabu siku nyingi, bali mwenyeji huenda moja kwa moja kwenye duara lake. Ndivyo zilivyo chembe hizi mbili.

Kumbukumbu hiyo hudumu. Mwaka 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe, huko Ulaya, baada ya miaka 65. Wazee walioiugua mwaka 1781 hawakuugua tena.

Je, ni lazima uugue ndipo upate chembe kumbukumbu? La. Chanjo ya surua ina virusi vilivyodhoofishwa, ambavyo huzifundisha chembe changa bila kukuletea ugonjwa wenyewe. Katika Tanzania hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18.

Surua ina hatari nyingine: huua chembe kumbukumbu za maradhi mengine. Aliyepona surua aweza kuugua tena maradhi ambayo mwili wake ulikwisha kuyashinda. Chanjo haina madhara hayo.

Machimboni watu wengi hukaa pamoja, na surua huenea upesi. Ukiwa Shinyanga au Geita, itazame kadi ya kliniki ya mdogo wako. Je, amechanjwa mara mbili?

Maswali
1. Chembe changa ni nini?
2. Kwa nini chembe kumbukumbu huwahi kuvishinda virusi?
3. Eleza faida mbili za kuchanjwa kuliko kuugua surua.