Kuipiga Picha Saratani Iendayo Mbio

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliowapata watoto wa Uganda. Ugonjwa huo, limfoma ya Burkitt, ni saratani ya chembe nyeupe za damu. Chembe zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kuchelewa kidogo ni hatari.

Eksirei ya taya huonyesha mfupa ulioliwa kandokando ya mizizi ya meno. Lakini uvimbe hukua pia tumboni, katika figo, ini au ovari, ambako eksirei ya kawaida huonyesha machache. Hapo hutumiwa sauti yenye mitetemo milioni kadhaa kwa sekunde, ilhali sikio la binadamu hukomea kama 20,000. Sauti ifikapo mpaka wa tishu mbili, sehemu yake hurudi kama mwangwi. Mashine hupima muda wa kurudi na kuchora picha, bila mionzi ya eksirei.

Hata hivyo, picha huonyesha mahali na ukubwa wa uvimbe, si jina lake. Jina hupatikana kwa kuchunguza kipande cha uvimbe kwa hadubini. Picha humwongoza daktari pa kuchoma sindano. Na matibabu yaanzapo, humwonyesha kama uvimbe unanywea.