Kompyuta ya zamani katika chumba cha kushonea



Mwezi wa kwanza ukifika, vikundi vya akina mama hapa Kasongo, pamoja na ndugu zetu wa Kabambare, huanza kuulizana swali lile lile: kitenge cha tarehe 8 Machi tutakishona namna gani? Mama 30 wanataka mshono mmoja, lakini miili ni 30. Yuko mnene, yuko mwembamba, yuko anayenyonyesha, yuko mwenye mimba ya miezi sita. Kabla kazi hiyo haijaisha, kwaya inaleta kitambaa cha Pasaka, na shule inataka mavazi ya watoto watakaoigiza mchezo siku ya kufunga mwaka.

Kwa kazi ya namna hii, programu ya kuchora patroni inaweza kumpunguzia mshonaji siku nyingi za kupima na kukata karatasi. Shida ni kompyuta yenyewe. Zinazofika kwetu kwa bei ya kuwezekana ni zile zilizokwisha kutumiwa mahali pengine, na nyingi zina Windows 7, hata Windows XP. Ndipo mama anaambiwa: “Mfumo huu umekufa, tafuta kompyuta mpya.” Je, ni kweli? Na pesa ya likelemba itoke kwa ajili hiyo?

Mfumo “kufa” ni nini?

Kila kompyuta ina mfumo unaoiendesha. Windows ni mmojawapo, na kampuni inayoutengeneza ni Microsoft ya Marekani. Kwa miaka kadhaa kampuni hutuma marekebisho ya kuziba matundu ambamo virusi hupenya. Siku inafika, inaacha. Windows XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 iliachwa tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Siku hiyo kompyuta haizimiki. Inawaka kama jana, na patroni inachorwa kama jana. Kilichokoma ni ulinzi. Ni kama nyumba ambayo fundi wake amehama: paa bado linakinga mvua, lakini likitoboka hakuna atakayekuja kuziba.

Hatari yake si maneno matupu. Mwezi wa Mei 2017, kirusi kinachoitwa WannaCry kilifunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 100 na kudai pesa ili kuyafungua. Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya tundu lile miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao kompyuta zao hazikuwa zimepata dawa hiyo.

Programu inafanya kazi gani?

Mshonaji anajua hesabu hii kwa moyo: robo ya kifua, ongeza sentimita mbili za nafasi. Mama wa kifua 92 anapata 23 na 2, yaani 25. Mama wa kifua 108 anapata 27 na 2, yaani 29. Programu nzuri ya patroni inafuata njia hiyo hiyo. Unachora mshono mara moja kwa kuandika hesabu, siyo kwa namba ya mtu mmoja. Vipimo vya kila mama vinakaa katika faili lake. Ukibadilisha faili la vipimo, patroni inajichora upya.

Programu mbili za namna hii ni za bure na halali: Valentina na Seamly2D. Valentina ilianza mwaka 2013, nayo ni kazi ya Roman Telezhynskyi wa Ukraine pamoja na Susan Spencer wa Marekani. Baadaye wakagawana njia, na Seamly2D ikazaliwa. Kwa hiyo hakuna sababu ya kununua kwa mchuuzi diski ya programu iliyoibwa, maana mara nyingi kirusi kinakuja ndani yake.

Lakini matoleo mapya ya programu hutengenezwa kwa mifumo mipya. Mwenye Windows 7 atabaki na toleo la zamani. Hilo peke yake si kilio, kwa sababu robo ya kifua haijabadilika. Ila kumbukeni mambo mawili. Kwanza, faili la kuwekea programu hiyo lihifadhiwe vizuri, maana kulipata tena kunaweza kuwa vigumu. Pili, patroni iliyotengenezwa kwa toleo jipya inaweza kukataa kufunguka kwenye toleo la zamani. Ndugu yako wa Goma au Bukavu akitaka kukutumia mshono, mwombe autume kama PDF.

Mashine ya kazi moja

Ushauri wangu ni huu: kompyuta yenye mfumo ulioachwa isitupwe, bali ipewe kazi moja tu, ya patroni. Ikae chumbani kama mashine ya kushona inavyokaa.

1. Isiingie intaneti. Ujumbe, picha na habari za pesa vibaki kwenye simu. Katika kompyuta hiyo usiandike kamwe namba ya siri ya pesa ya simu.

2. Jihadharini na flashi. Hapa kwetu virusi husafiri zaidi kwa flashi kuliko kwa intaneti. Unaipeleka kwenye sekretaria ya kuchapishia, inachomekwa katika mashine iliyopokea flashi za watu wengi siku hiyo, nayo inarudi nyumbani na ugonjwa. Tengeni flashi moja ya kupeleka patroni za kuchapisha tu. Ikirudi, ifutwe yote kwenye kompyuta nyingine iliyo salama, kabla ya kuchomekwa tena kwenye ile ya patroni. Kazi zenu zikae katika flashi nyingine ambayo haitoki nyumbani.

3. Hifadhini kazi mahali pawili. Kila Jumamosi nakilini faili la vipimo na faili la patroni, yote mawili. Mwenye patroni bila vipimo ana nusu ya kazi.

4. Pimeni karatasi kabla ya kugusa mkasi. Patroni hutoka katika vipande vya A4, sentimita 21 kwa 29.7, kisha mnavibandika. Printa ina tabia ya kupunguza mchoro ili uingie kwenye karatasi. Ikichapa kwa asilimia 95, kifua cha sentimita 100 kinakuwa 95, na kitenge kikishakatwa hakirudi. Choreni pembeni ya patroni mraba wa sentimita 10 kwa 10. Karatasi ikitoka, upimeni kwa rula. Ukiwa 9.5, mwambieni wa sekretaria achape tena kwa asilimia 100.

5. Fikirini moto wa umeme. Kompyuta ya mkononi inakula umeme mdogo kuliko ya mezani yenye kioo chake. Kwa mwenye plaki ya jua na betri moja, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kazi itaisha kabla ya giza.

Njia nyingine: kubadili mfumo

Kompyuta nyingi zilizoachwa na Windows bado zina nguvu ya kuendesha Linux, mfumo wa bure ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, na ambao unaendelea kupata marekebisho. Linux Mint, kwa mfano, inataka kumbukumbu ya GB 2 angalau, na GB 4 ili itembee vizuri. Valentina na Seamly2D zote zinafanya kazi humo, na lugha ya Kifaransa ipo. Faili la kuiweka ni kubwa, karibu GB 3, kwa hiyo ni nafuu kumwomba mtu anayetoka Kindu au Bukavu ailete kwenye flashi ya GB 8 kuliko kuinunulia mega.

Linux inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta. Jaribuni hivyo siku chache kwanza. Mkikubali kuiweka kabisa, nakilini kazi zote kwanza, maana kuiweka kunaweza kufuta diski nzima. Fundi wa kompyuta anayekataa kungoja mnakili si fundi wa kumwachia mali yenu. Mjue pia kwamba programu iliyotengenezwa kwa Windows tu inaweza kukataa kwenye Linux.

Kabla ya kutoa pesa ya kikundi

Kama likelemba yenu imeamua kununua kompyuta, muulizeni mwuzaji mambo matatu mbele ya mama wote: ina mfumo gani, ina kumbukumbu GB ngapi, na betri inakaa saa ngapi? Mwambieni aiwashe, aifungulie programu ya patroni, achore mstari mmoja mbele yenu. Neno “mpya” lisiwatishe wala lisiwavute. Kompyuta yenye Windows 10 inayouzwa leo kama mpya nayo inahitaji swali la huduma yake, na nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11.

Na daftari lisiachwe. Jina la mama, tarehe aliyopimwa, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono: viandikwe kwa kalamu kabla ya kuingizwa kwenye mashine. Mwili wa mama hubadilika, hasa baada ya uzazi, kwa hiyo tarehe ni ya lazima. Kompyuta ikifa wiki moja kabla ya 8 Machi, mwenye daftari atachukua karatasi, rula na mkasi, na mama 30 watavaa nguo zao.