Msaada wa afya ya akili Njombe na Makambako: uanzie wapi, upige namba gani

Msikilizaji, kila tunapogusa suala la afya ya akili, swali linalorudi ni fupi: nianzie wapi? Mtu yuko Lupembe, au Igwachanya, au ndani kabisa Ludewa. Ana ndugu ambaye hapati usingizi, chakula hagusi, anaongea peke yake, au amesema amechoka kuishi. Anachokijua ni Mirembe, ile hospitali ya Dodoma iliyofunguliwa mwaka 1927 na ambayo watu wamegeuza jina lake kuwa tusi. Anaona njia mbili tu, Mirembe au mganga wa kienyeji.

Kwa kweli safari huanzia karibu zaidi, kwenye zahanati au kituo cha afya unachokijua. Usiogope kwamba pale hakuna daktari bingwa. Kazi ya mganga mfawidhi ni kukusikiliza, kupima kama kuna ugonjwa wa mwili unaochanganya mambo (malaria kali na homa ya uti wa mgongo vinaweza kumfanya mtu aweweseke kama aliyerukwa na akili), kisha kukuandikia rufaa. Kutoka hapo unakwenda hospitali. Waliopo Makambako wana hospitali ya Halmashauri ya Mji. Njombe mjini kuna Kibena na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, kama kilomita 60 kutoka Makambako. Wanging'ombe wana Ilembula na Makete wana Ikonda, zote za mashirika ya dini, kwa hiyo ulizia malipo mapema.

Ukifika mapokezi sema wazi: "Naomba kliniki ya afya ya akili." Uliza ni siku gani, maana kliniki hiyo huenda isiwe ya kila siku, na nauli ya kurudi bure inauma. Wenye kifafa nao huhudumiwa hapo hapo, ingawa kifafa si wazimu wala hakiambukizi kwa mate. Na kila halmashauri ina mratibu wa afya ya akili pamoja na afisa ustawi wa jamii. Huyu wa pili ndiye wa kumwona ukikwama kwenye malipo, kwa sababu sera ya afya imeweka magonjwa ya akili kwenye kundi la magonjwa sugu yenye msamaha katika vituo vya serikali.

Sasa simu. Namba 116 ni Huduma ya Simu kwa Mtoto. Hupigwa bure. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga, na mzazi, mwalimu au jirani anaweza kupiga kwa niaba yake, iwe ni kipigo, ubakaji, au binti aliyejifungia ndani hataki kuongea na mtu. Namba 199 ni kituo cha simu cha Wizara ya Afya, nacho bure. Hapo unaulizia jambo lolote la afya na kuelekezwa huduma ilipo. Kama kuna hatari ya mtu kuumizwa sasa hivi, 112 ni polisi, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Nyumba nyingi zina simu moja ya familia. Ukipiga kwa siri, futa namba kwenye orodha ya simu zilizopigwa. Anza kwa kutaja kijiji na wilaya ulipo, ili hata simu ikikatika mabondeni, mpokeaji awe ameshajua.

Kuna mlango mwingine ambao Njombe tunao kuliko mikoa mingi, nao ni CTC. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 uliikuta Njombe bado inaongoza kwa maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wa miaka 15 na kuendelea. Maana yake ni kwamba maelfu ya watu hapa hukutana na mshauri nasaha kwa tarehe inayojulikana. Wengi huchukua dawa na kuondoka. Kama moyo umekuwa mzito kwa wiki mbili mfululizo, hufurahii tena hata ulichokipenda, mwambie huyo huyo mshauri. Hiyo ni sonona, na inatibika. Mama aliyejifungua naye amwambie muuguzi wa kliniki ya mtoto. Kulia kila siku baada ya uzazi si deko.

Ulanzi nao tuuseme, maana msimu wake ukifika nyumba nyingi huumia kimya kimya. Familia humfungia mnywaji ndani ili "aache leo leo". Kwa mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, kukatisha ghafla kunaweza kuleta kutetemeka, degedege na kuona vitu visivyokuwepo, na kunaweza kuua. Huyo aachishwe kwa usimamizi wa mhudumu wa afya, si kwa kufuli.

Na mtu akikwambia anafikiria kujiua? Muulize waziwazi, kuuliza hakumpandikizii wazo. Usimwache peke yake. Sumu za viazi na mahindi ziondolewe nyumbani, zikafungiwe kwa jirani. Mfikishe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Wengine huficha kwa sababu kujaribu kujiua kumehesabiwa kosa katika Kanuni ya Adhabu. Woga huo tunauelewa, lakini kituo cha afya ni mahali pa matibabu, na kuchelewa ndiko kunakoua. Akiwa hawezi kukubali mwenyewe kwenda, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa kumpokea; mtendaji wa kijiji au polisi wanaweza kukusaidia kumsafirisha. Kamba na minyororo haviko kwenye matibabu.

Kuhusu dawa: za sonona huchukua wiki 2 hadi 4 kabla ya kuona nafuu, na wengi huziacha wiki ya kwanza wakisema hazifanyi kazi. Siku ya kliniki beba daftari la matibabu, vidonge vyote anavyotumia pamoja na vya mitishamba, na umwombe anayelala nyumba moja naye muende wote. Huyo ndiye anayejua usiku ulikuwaje.